Mizani ya Kupimia Pigo

Hapo zamani, enzi za wafalme waliotunga sheria asubuhi na kuzisahau jioni, katika mji wa Kilangoni alikaa fukara mmoja jina lake Ngwali. Hana shamba, hana mbuzi, ana ulimi tu. Riziki yake ilikuwa ukoko wa halwa, maana dada yake mkubwa, Mize, alikuwa mpishi wa halwa, naye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Sasa, anayejua halwa anajua hili: ikishaanza kushika motoni haiachwi. Mwiko ukitoka sufuriani, halwa inaungua, na kazi ya kutwa nzima imekwenda arijojo. Basi siku moja Mize yumo katika kukoroga halwa ya harusi, akaingia Masudi, shemeji yake Sultani, bingwa wa kula vya watu, akataka sufuria nzima ipelekwe kwake.

"Hii ina wenyewe, bwana," Mize akasema.

Masudi akamshika mtandio, akausokota shingoni mpaka macho yakamtoka pima bibi wa watu. Mize, na mwiko mkononi, akampiga nao shavuni mara moja. Masudi akaachia, akatoka mbio na halwa ya moto ndevuni, nzi wakimfuata. Mize naye akarudi kukoroga, maana halwa ilikwishaanza kushika chini.

Masudi akashitaki. Na Sultani Hamdani alikuwa na sheria aliyoipenda kuliko wake zake: ajiteteaye asizidishe pigo alilopigwa, hata kwa uzito wa punje ya ufuta, na mkono utakaozidisha ukatwe.

"Huyu alikuja mikono mitupu," Sultani akasema, "nawe ulikuwa na mwiko. Ulipaswa kuuweka chini kwanza, kisha ujitetee."

"Halwa ingeungua, Maulana," Mize akajibu, "nami ningekufa."

Watu wakainamisha nyuso wasionekane wakicheka. Sultani akaghadhibika, akaamuru mkono ukatwe. Ngwali alikuwamo barazani, na mkono ule ndio uliomlisha na kumwosha tangu utotoni. Akajitupa chini.

"Maulana, sheria yako ni njema, ila haina chombo. Maskini kama sisi tutapimaje pigo?"

Sultani akatabasamu, na tabasamu lake halikuwa la heri. "Vyema. Niletee wewe mizani ya kupimia pigo kabla halijatua. Ijumaa, baada ya sala. Ukiileta, dada yako huru. Usipoileta, utakatwa mkono wake, na wako juu yake kwa kunichosha."

Walipofika mlangoni kwao, Mize akasema, "Ngwali mdogo wangu, ulimi wako umetuponza sote."

"Wewe koroga halwa, dada. La mizani niachie mimi." Alisema hivyo kwa maneno, lakini moyoni hofu ilikuwa imemjaa tele, na usiku hakulala.

Ijumaa ikafika. Baraza likajaa watu, Kadhi kitini kwake, mkataji mikono na upanga wake. Ngwali akaingia na mizani ya kuazima kwa muuza viungo, na tenga lililofunikwa.

"Maulana, nipe amani, nisilaumiwe kwa nitakachopima."

"Unayo. Mizani iko wapi?"

"Hii hapa. Sahani hii tutaweka shambulio, na hii tutaweka pigo. Shambulio nimekuja nalo." Akafunua tenga.

Lo, ndani mlikuwa na kuchi, wale majogoo warefu wa kupigana, na huyu alikuwa mkorofi wa ukoo mzima, hawezi kuona kitu kinameta asikirukie. Akakiona kito cha kilemba cha Sultani. Kufumba na kufumbua yuko usoni pa mfalme, kucha mbele. Sultani akapapasa, akakamata dele la kahawa, akampiga nalo. Jogoo akaanguka, akajizoa, akakimbilia chini ya kiti cha Kadhi na kuficha kichwa.

Yangeishia hapo. Lakini Sultani, kilemba kikimning'inia shingoni, akavua mguuni mtalawanda mmoja, kiatu cha mti, akapiga magoti mbele ya kiti cha Kadhi, akamcharaza jogoo matakoni mpaka manyoya ya mkia yakatawanyika baraza zima.

Ngwali akangoja mfalme arudi kitini, akainua mizani yake.

"Maulana, pigo la kwanza, lile la dele, ulilipima?"

"Mpumbavu wewe, kucha zilikuwa machoni pangu. Ningepima saa ngapi?"

"Na mbona hukuliweka dele chini kwanza?"

Sultani akaanza kukifunga upya kilemba chake.

"Basi hilo halina neno, hata jogoo mwenyewe hana dai. Lakini lile la pili, Maulana? Jogoo keshakimbia, kichwa amekificha, nje umebaki mkia. Hapo muda wa kupima ulikuwapo. Hata wa kuvua kiatu ulikuwapo."

Kadhi akakohoa. "Amesema kweli. La kwanza ni kinga. La pili ni hasira."

Ngwali akamgeukia mkataji. "Ndugu yangu, sheria inasemaje juu ya mkono uliozidisha?"

Mkataji akautazama upanga, akautazama mkono wa Sultani, kisha akaanza kuhesabu boriti za dari. Sultani akauingiza mkono ndani ya joho, polepole.

"Jogoo amesamehe," Ngwali akasema. "Anaomba tu ukumbuke kwamba dada yangu alipiga moja, akarudi kazini kwake."

Kisha Sultani akaanza kucheka, kwanza puani, halafu tumbo zima, na baraza lote likacheka naye, isipokuwa Masudi. Sultani akamwacha Mize huru, akahukumu kwamba tangu siku ile mtu aliyejitetea asiulizwe uzito wa ufuta, bali aulizwe kama hatari ilikuwapo na kama aliacha ilipokwisha. Masudi akapewa mwiko akoroge halwa ya harusi upya, Mize amesimama nyuma yake. Na Ngwali akapewa joho, akalivaa hata jikoni.

Jioni Mize akampelekea Sultani sahani ya halwa ingali moto. Sultani akautoa mkono wake wa kulia johoni, akautazama mbele na nyuma, kisha akachota.