Mama Chozi na Nyani Aliyevaa Kamera

Kwaru! Kwaru-kwaru! Kwaru!

Mmesikia? Juu ya bati, hapo hapo juu ya kitanda. Sogeeni, Zaina njoo huku, Kibwana mpishe mwenzio, sogeeni nyote. Baba yenu yuko zamu ya usiku na mimi siogopi, nani kasema naogopa, nimewaamsha kwa sababu nimekumbuka ngano, basi. Ndiyo, saa hizi. Tena itikieni kwa sauti, huyo aliye juu ajue humu ndani tuko wengi.

Hadithi hodi!

— Karibu, ingia na utamu wako!

Hadithi hodi tena!

— Ingia, na mlango uurudishe!

Hapo kale, si kale ya bibi, kale ya juzijuzi maana kamera zilishakuwepo, aliishi Mama Chozi. Mnamjua chozi? Ndege mdogo kama kidole gumba, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia, kazi yake kufyonza maji matamu ya maua. Baba Chozi alimeta kijani na bluu, utadhani kapakwa mafuta. Mama Chozi alikuwa rangi ya vumbi. Lakini kiota alikijenga yeye. Kilining'inia kwenye ncha ya tawi kama soksi iliyoanikwa, kakifuma kwa nyuzi za buibui, na mbele yake majani yamekaa kama pazia. Ndani mna makinda wawili, hawana manyoya, hawana macho, wana midomo tu.

Na Mama Chozi alikuwa mtu wa kushukuru. Akipita kwa buibui: "Ahsante kwa uzi." Akipita kwenye majani: "Ahsante kwa kivuli." Mumewe akamcheka.

"Mke wangu, wewe hata ukikanyagwa utashukuru."

"Nitashukuru, mume wangu. Na huku nashukuru, nitakuwa nafikiri."

Siku moja akaja mpiga picha, jina lake Shemdoe. Hakuwa mbaya, wanangu, msimchukie. Alitembea polepole, alisema kwa kunong'ona, ndege wadogo aliwapenda mpaka anasahau kula. Akasimamisha kihema chake cha rangi ya majani, akaweka kamera ndani yake juu ya stendi ya miguu mitatu, kioo kikitazama nje, akaingia, akachungulia. Kumbe majani yanamziba!

"Jani hili moja tu," akasema. Akalivuta pembeni, akalifunga kwa kamba. Kacha!

"Na hili." Akalifunga. Kacha!

"Na hili la mwisho." Akalifunga. Kacha! Kacha!

Basi pazia likaisha. Jua likaingia paa! kiota kikabaki uchi, anakiona apitaye chini na apitaye juu. Wapiga picha ndivyo walivyo, wakikipenda kitu wanataka kukiondolea kivuli.

Mama Chozi akarudi na buibui mdogo mdomoni, akashtuka, moyo ukamwenda titititi. Na mumewe yuko wapi? Mumewe yuko mbele ya kamera! Kaona chozi mzuri ndani ya kioo cha lenzi, anapigana naye.

"Toka kwangu!" Ti!

"Toka, nimesema!" Ti!

"Na wewe unanijibu?" Ti! Ti!

Mama Chozi akajaribu kumsaidia, akagonga mara moja, mdomo ukamuuma, akaacha. Shemdoe alikuwa amemaliza chupa nzima ya chai, kabanwa, kaenda vichakani. Mama Chozi akazunguka nyuma, akaingia kihemani. Chozi wa pili hayupo! Kuna kidirisha tu kinawaka, na ndani yake makinda wake mwenyewe, wakubwa kama kuku.

"Aaa," akasema. "Kumbe wewe kioo ni mwongo. Ahsante, nimekujua."

Hata hajatoka vizuri, akasikia: Pu! Pu! Pu!

Nani huyo?

— Nyani!

Nyani mwenyewe, mabega kama magunia, meno kama misumari, na tumbo halijawahi kusema basi.

"Wewe Chozi! Naona leo nyumba yako haina nguo."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimekuja kula."

Jamani. Mtu mdogo namna ile, watoto wake wapo hapo, mkono wa yule bwana ni mrefu kuliko ukoo wake wote. Akasema kitu alichozoea kusema.

"Ahsante, Mzee."

"Ahsante ya nini?"

"Kwa kuja mapema."

Nyani akashika tawi. Tawi likainama, kwiii. Makinda wakadhani chakula kimefika, wakaachama.

"Ahsante, Mzee."

"Ya nini tena?"

"Kwa kuchagua hawa wadogo."

Mkono ukasimama hewani. "Wadogo? Kwani kuna wakubwa?"

"Nimesema wakubwa? Sikusema. Kula, Mzee, kula hawa hawa, nakushukuru sana."

"Wewe kidudu, unanishukuru kupita kiasi. Wakubwa wako wapi?"

"Mzee, utaingiaje kwenye kile kihema? Mwili wote huo! Acha tu. Kula hawa, ahsante."

Mwambie mwenye tamaa kwamba hawezi, uone. Nyani akaachia tawi, pwitu! likarudi juu. Akajisokota ndani ya hema, kichwa, bega, bega la pili, tumbo likagoma, akalisukuma likaingia. Akachungulia kile kidirisha. Mama yangu! Makinda kama kuku, midomo imeachama kama ndoo! Mate yakamdondoka: to, to, to.

"Nawatoaje?"

"Vaa ule mkanda shingoni, Mzee. Wakubwa hawaliwi bila mkanda."

Nyani akauvaa mkanda wa kamera.

"Ahsante, umekukaa vizuri. Sasa bonyeza kitufe, ndio mlango."

Nyani akabonyeza. Kacha-kacha-kacha-kacha!

"Hawatoki!"

"Labda wanatokea upande wa mbele. Igeuze, uweke jicho pale penye kioo kikubwa, halafu bonyeza tena. Ahsante kwa subira yako, Mzee."

Nyani akaigeuza kamera, stendi na vyote, akaweka jicho, akabonyeza.

PWAA! Taa ya kamera.

"Yallaaah! Wana moto! Wakubwa wana moto!"

Akaruka juu, hema likang'oka naye. Akakimbia haoni mbele, hema kichwani, mkia nje, kamera shingoni, na stendi ikimfuata nyuma inamchapa: ko! ko! ko!

"Niache wewe wa miguu mitatu!" Ko! "Niache, sijala hata mmoja!" Ko! ko! "Niliambiwa! Niliambiwa nile wadogo!"

Akakipita kilima cha kwanza. Kwenye shamba la maharage mkanda ukakatika, kamera ikabaki, yeye na hema wakaendelea.

Na Baba Chozi? Akatua karibu na mkewe, kifua mbele. "Umeona? Yule chozi nimemfukuza, kabeba na nyumba yake."

"Ahsante, mume wangu," akasema Mama Chozi.

Shemdoe akarudi anafunga mkanda wa suruali. Hema hakuna, kamera hakuna. Akafuata alama za stendi mpaka kwenye maharage, akaiokota. Kioo kimepasuka, picha zimo. Akakaa chini, akazitazama. Ya kwanza: kiota peupe, jua limekipiga, makinda wanahema. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo. Ya mwisho: jicho la Nyani, na meno yote.

Kijana wa watu akasema peke yake, "Kumbe mimi ndiye niliyemfungulia mlango."

Akarudi mbio.

"Jani hili." Akafungua kamba. Fu! likarudi mahali pake.

"Na hili." Fu!

"Na hili la mwisho." Fu!

Kiota kikapotea, hata yeye asikione tena, ila alisikia chwii, chwii, ya makinda wanaolishwa. Akavua kofia. "Ahsante, Mama. Nimekukosea, na wewe umenionyesha kosa langu bila hata kunidonoa. Watu wakiniuliza nilikupiga picha wapi, sitamwambia mtu."

Ngano hii inatufundisha nini, Kibwana? Kwamba tamaa ni mbaya? Hapana, mwanangu, nani kakwambia. Tamaa ni nzuri sana! Nyani angekuwa mtu wa kiasi, angekula wale wadogo wawili, akafuta mdomo, akaenda zake, na mama wa watu angelia mpaka leo. Kwa hiyo mkikua mkawa manyani, tafadhali, muwe na tamaa kupita kiasi. Namshukuru kila siku Nyani yule kwa tamaa yake.

Hadithi kwaheri!

— Nenda salama, na woga uubebe!

Kwaru!

Tulieni, tulieni, ametua kwenye mti. Mnauona mkia wake hapo dirishani? Ni komba tu, ahsante Mungu, komba, na mimi jasho lote hili. Laleni sasa.

Nini, Zaina? Kiota kiko wapi? Shemdoe aliahidi hatamwambia mtu. Mimi kaniambiaje? Wewe mtoto una maswali, mkewe asipoambiwa ataambiwa nani? Haya, njooni karibu, zaidi. Mwaka huu amehamia kwenye mforosadi wetu nyuma ya jiko. Ndiyo maana nimewakataza kukata hata jani moja pale. Ana makinda wawili. Asubuhi mkisikia chwii, chwii, msinyooshe kidole, msiite wenzenu, semeni ahsante kimoyomoyo, mpite. Haya, niahidini, wote wawili, mikono juu.

— Tunaahidi, mama. Hatutamwambia mtu mwingine.