Nguchiro, Bawabu wa Klabu ya Madume

Hapo zamani za kale, enzi zile Fisi alikuwa bado anaoga, wanyama wa Bonde la Mchongoma walipenda mpira kuliko chakula. Madume walikuwa na timu yao na majike walikuwa na yao, na hilo halikumkera mtu. Kilichokera ni uwanja.

Uwanja ulikuwa mmoja tu, tambarare, nyasi laini, umezungushiwa ua wa miiba wenye mlango mmoja. Klabu ya Madume ndiyo iliyoukalia. Majike walifanyia mazoezi mlimani kwenye mawe. Ukipiga mpira, guduguduguduu, unaishia mtoni na Mamba anaumeza. Mamba alikwisha meza mipira mingi hata akawa anadunda akitembea.

Sasa tegeni masikio, na wewe unayechokonoa pua, tega. Kila kiangazi majike wa bonde hilo walicheza na majike wa ng'ambo ya mto. Wakishinda, bonde lao lote linakunywa kwanza kisimani. Wakishindwa, bonde lao linangojea tope. Mwaka uliopita walifungwa saba bila, na watoto wa Nguchiro wakanywa tope mpaka wakawa wanapiga chafya za udongo.

Nguchiro huyu ndiye aliyekuwa nahodha wa majike. Kadogo, kembamba, mkia kama ufagio, lakini mdomo! "Wallahi mwaka huu wanangu hawanywi tope," akasema. Huyoo, hadi uwanjani.

"Hodi wenyewe!"

"Majike hawaingii!" akanguruma Simba, mwenyekiti wa klabu, akijichana manyoya ya shingo.

"Siingii, Mzee Simba. Naomba zamu tu. Leo nyinyi, kesho sisi."

Nyati akacheka mpaka puani kukatoka povu. "Zamu ya nini? Si mnataka haki? Basi njoo ucheze na sisi! Njoo unikabe mimi!"

"Ukinikanyaga wewe, Bwana Nyati, watanizoa kwa upawa. Hiyo si haki, hayo ni mazishi."

"Basi rudi mlimani!" Wakamcheka, kwa kwa kwa, hata ndege wakaruka mitini.

Nguchiro akaondoka moyo unamuuma. Njiani akalipiga teke jiwe kwa hasira. "Aii, kidole changu!" Akakaa chini akipuliza kidole, na hapo hapo akili ikamjia.

Kesho yake asubuhi akarudi mbio, anahema, macho yamemtoka.

"Mzee Simba! Mzee wangu! Hatari! Kuna majike wanataka kujipenyeza klabuni wakijifanya madume!"

"Ati nini?"

"Kama unavyosikia. Nimeona niwafae wazee wangu. Niwekeni niwe bawabu hapa mlangoni. Nani atamjua jike kama si jike mwenzake?"

Simba akavimba kwa furaha. "Ala! Kumbe una adabu!"

"Ninayo tele. Ila nipe alama, mzee. Dume wa kweli nitamjuaje?"

"Swali gani hilo? Dume ni manyoya ya shingoni!" Simba akayatikisa yake, fwaa.

"Na asiye na alama?"

"Hapiti! Hata awe nani! Nikivunja neno langu, manyoya yangu yanyonyoke yote nibaki kama yai!"

"Umeapa, mzee."

"Nimeapa!"

Haukupita muda, ardhi ikatetemeka, gudu gudu gudu. Nyati huyo anakuja mazoezini.

"Simama!" Nguchiro akajitandaza mlangoni. "Manyoya ya shingoni yako wapi?"

"Manyoya? Kijidudu wewe, mimi ni Nyati!"

"Naona. Nyati jike, tena mnene."

"JIKE?" Nyati alifoka hata Simba akatoka nje kuangalia kuna nini. "Simba, nani kakwambia dume ni manyoya? Dume ni pembe, bwana!" Akazielekeza pembe zenyewe kwenye tumbo la mwenyekiti.

Simba akalitazama tumbo lake, akazitazama pembe. "Haya, haya, yaishe. Pembe ndiyo alama."

Akageuka arudi ndani.

"Simama!" akasema Nguchiro. "Pembe zako ziko wapi, mama?"

Jamani! Kinywa cha Simba kilibaki wazi, inzi akaingia, akatoka. Kisha akamkamata Nyati mkia asipite peke yake. "Pembe hata mkeo anazo! Huingii ng'o!"

Wakavutana hapo mlangoni, huyu "pembe!", huyu "manyoya!", vumbi likatimka. Fisi, aliyekuwa ndani akilala badala ya kukimbia, akatoka akichekacheka. "Hee hee! Na mimi nisiye na manyoya wala pembe, je?"

"Wewe nawe ni dume?" Simba akamgeuzia hasira zote. "Bawabu! Sikia alama ya mwisho! Dume ni yeyote awezaye kumwangusha Fisi!"

"Neno la mwisho, mzee?"

"La mwisho!"

Nguchiro akapiga mluzi, fyuuu. Majike wote wakatoka vichakani walikokuwa wamejificha. Wa kwanza alikuwa Bi Fisi, na nyinyi mnajua fisi jike humpita mumewe kwa ukubwa. Akamshika mume ukosi. Puu!

"Pita, dume la kwanza!"

Bi Simba, puu! "Pita!" Bi Nyati, puu! "Pita!" Akaja Bi Sungura, akafumba macho, akamsukuma Fisi aliyekwisha lewa kwa kuanguka. Puu! Mwisho Nguchiro mwenyewe akamng'ata mkia. Fisi akapiga yowe, akatoka nduki, huyoo, akavuka kilima.

"Zamu yetu!" wakasema Simba na Nyati.

"Karibuni sana. Mwangusheni Fisi kwanza."

"Yuko wapi?"

"Hata sijui." Nguchiro akaingia, akafunga mlango, kwachu.

"Nabadilisha alama!" akanguruma Simba.

"Badilisha, mzee. Lakini huu hapa kwenye mwiba si unywele wako? Naona manyoya yameanza kunyonyoka."

"Mama yangu!" Simba akajishika shingo kwa mikono miwili.

Siku nzima wakakaa juani, wakisikiliza mpira ndani ukilia du! du! Jua lilipopunga, Simba akabisha hodi kwa sauti ya kuku mgonjwa. "Nguchiro, mwanangu, tufanyeje?"

"Zamu, mzee. Leo sisi, kesho nyinyi."

"Zamu," akanong'ona Simba.

"Sisikii!"

"ZAMU!"

Toka siku hiyo majike wakafanyia mazoezi kwenye nyasi. Kiangazi kilipofika wakakutana na wa ng'ambo. Mchezo ulikuwa mgumu, watu wakang'ata kucha, mpaka dakika za mwisho Nguchiro akapenya chini ya miguu ya Bi Twiga wa ng'ambo na mpira wake. Gooo! Moja bila!

Kisimani, watoto wa Nguchiro walikunywa maji meupe hadi matumbo yakawa ngoma. Simba alisimama mbali na kiu yake, anaona haya. Mkewe, aliyekuwa kipa, akamwita.

"Njoo unywe, baba watoto. Bonde letu limeshinda, na wewe ni wa bonde letu."

Simba akainama, akanywa, na kila aliyemwona aliona jinsi maji yalivyokuwa matamu.

Kutenga timu si dhuluma. Dhuluma ni kutenga timu kisha ukaukalia uwanja peke yako.