Ghala la Syombua

Kilichooza ghalani hakiponi jikoni. Mmelisikia neno hili likisemwa leo, ninyi vijana, mkataka kujua nani alilitamka kwanza. Basi sikilizeni, maana lilizaliwa pamoja na kilio.

Katika vilima vya Kithyoni, kule Ukambani, aliishi mjane aitwaye Syombua. Alikaa na mwanawe Munyoki, mkaza mwanawe Mbula, na mjukuu mmoja wa kike, Kanini. Kwa mapishi Syombua hakuwa na mpinzani. Hapakuwa na arusi wala matanga ambapo hakuitwa kusimamia vyungu.

Mwaka huo njaa ilikuwa imewakaba watu. Mahindi yalipoanza kukomaa, wezi waliingia mashambani, na Syombua akaamuru yavunwe upesi kabla hayajakauka. Mvua ilikuwa bado ikinyunyiza. Yakajazwa ghalani na unyevu wake, mlango ukafungwa.

Siku walipofungua, uvundo uliwapokea mlangoni. Punje zilikuwa zimeshikamana, zimevaa kuvu ya kijani. Mbula alirudi nyuma.

"Mama, haya hayaliki."

"Mwaka jana tulikula nini, mwanangu?" Syombua alimjibu kwa upole. "Mizizi. Chakula hakitupwi. Nipe maji, nipe kuni, kisha utaniambia."

Akayaosha mpaka maji yakatoka safi. Akayaanika, akayatwanga kuondoa maganda, akayachemsha na maharagwe tangu asubuhi hadi jua lilipopinduka. Chungu kiliponukia, Mbula mwenyewe aliionea haya hofu yake. Wakala siku ile, na siku zilizofuata. Kanini ndiye aliyependa kukomba chungu, na bibi yake alifurahi kumwona akilamba vidole.

Kisha siku moja mtoto akakataa kula. Macho yakawa manjano kama binzari, tumbo likavimba. Syombua akambeba mgongoni hadi zahanati. Mganga alimpima, kisha akauliza, "Nyumbani mnakula nini?"

"Mahindi na maharagwe."

"Mahindi hayo yalikuwa na kuvu?"

"Yalikuwa nayo, lakini niliyaosha. Niliyapika yakaiva vizuri."

Mganga aliinamisha kichwa. "Mama, kuvu huacha sumu ndani ya punje. Kuvu utaiosha. Sumu yake haitoki kwa maji, wala haifi kwa moto. Watu wazima huistahimili kwa muda, lakini imeshafika kwenye ini la mtoto."

Kanini alifia pale zahanati, mkono wake ukiwa mkononi mwa bibi yake.

Baada ya mazishi, jirani yao Nzilani alikuja na kikapu. Akasema, "Mama Munyoki, najua una uchungu. Lakini ghala lako bado lina mahindi, na wanangu hawajala tangu jana. Nigawie kidogo. Nitayaosha zaidi ya ulivyoosha wewe, nitayachemsha kutwa nzima."

Syombua aliinuka, akaanza kuyatoa mahindi ghalani na kuyamwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba. Munyoki na Mbula wakamsaidia bila kuuliza. Kisha akayamwagia mafuta ya taa, akawasha.

Nzilani akapiga yowe. "Unachoma chakula mbele ya wenye njaa! Una roho gani wewe?"

Akalikimbilia shimo ili achote kwa kanga yake. Syombua akamkamata kiunoni, wakaanguka wote wawili mavumbini.

"Nani hapa Kithyoni anapika kunishinda?" Syombua alimuuliza huku akihema. "Mtaje! Maji niliyatumia, kuni nilizimaliza, na mkono huu ndio uliomlisha Kanini. Kilichooza ghalani hakiponi jikoni, Nzilani. Hakiponi!"

Nzilani akaacha kushindana. Wakalia pale chini, wameshikana.

Msimu ule nyumba zote mbili ziliishi kwa mboga za porini na mizizi, wakigawana hata kilicho kidogo. Watoto wa Nzilani walikonda mbavu zikahesabika, lakini waliishi, wakakua, wakaoa na kuolewa. Hao ndio waliolieneza neno la Syombua. Walimwambia kila mtu aliyeacha jambo liharibike mwanzoni, akijipa moyo kwamba atalitengeneza mwishoni: kilichooza ghalani hakiponi jikoni.