Kitambaa Juu ya Kiyoyozi

Alikuwepo mama mmoja katika mji wa joto kama huu wetu. Msigeuke kuangaliana, hayumo humu. Huyo mama alimleta mama yake mzazi kutoka milimani, maana bibi yule alikuwa mgonjwa wa moyo na hospitali iko huku. Daktari akaonya kwamba joto litamuumiza, alale kwenye chumba chenye ubaridi. Basi watoto na wajukuu wakashirikiana, wakamfungia bibi kiyoyozi kipya ukutani.

Fahari iliyokuwa mle ndani sina haja ya kuieleza. Akina mama wa humu mnajijua. Kwenu kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, hata jokofu lina kitambaa. Kitu cha thamani hakiachwi uchi. Yule mama, binti wa bibi, akafuma kitambaa cheupe chenye maua, kazi aliyofundishwa na mama yake huyo huyo, akakilaza juu ya kiyoyozi kisiingie vumbi. Mdomo wa chini unaotoa upepo akauacha wazi kabisa, hakuwa mjinga. Kila mgeni aliyekuja kumwona mgonjwa alionyeshwa kiyoyozi, kisha akaonyeshwa kitambaa.

Upepo ukapungua, ukawa kama wa mtoto anayepuliza uji. Akaita fundi. Kabla fundi hajafika, akakitoa kitambaa, akakifua na kukipiga pasi, maana ni aibu mgeni akikute na vumbi. Fundi akaosha chujio, akapima gesi, akasafisha mashine ya nje. Alipowasha, upepo tele.

"Mama, hiki kizima," fundi akasema, akaenda zake.

Kitambaa kikarudi mahali pake, na upepo ukafifia. Fundi akaitwa tena, kitambaa kikatolewa tena, yakawa yale yale. Mnacheka? Chekeni, tutafika kwenu.

Bibi akazidi kuhema. Siku moja akasema, "Mwanangu, nirudisheni kwangu milimani. Kule kuna baridi."

"Kule hakuna daktari wa moyo, mama. Ukizidiwa je?"

"Nikizidiwa, nitakuwa nimezidiwa kwangu."

Binti alielewa maana ya maneno yale. Akampangia mama yake nguo kwenye begi huku machozi yanamtoka. Akawaza, nimpe nini cha kunikumbuka? Akapanda kiti, akakitoa kile kitambaa, akaanza kukikunja. Hata hajashuka, upepo ukampiga usoni na pazia la dirisha likaanza kucheza. Akamgeukia mama yake kitandani, akaona hashangai.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Kila fundi akija, nalala vizuri."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Kazi ile nilikufundisha mimi. Ulipokuwa unawaonyesha wageni, na mimi niliona fahari hapa kitandani. Sikutaka nikuvunje moyo."

Nguo zilitolewa kwenye begi siku ile ile, na bibi hakuondoka.

Sasa nisikilizeni. Kiyoyozi kile kinatoa upepo kwa chini, lakini hewa kinaivuta kwa juu. Yule mama aliacha wazi kinapotolea, akaziba kinapopokelea. Na sisi je? Mdomo wetu uko wazi, nani asiyejua? Kwaya yetu sijaona mfano wake, nasema bila haya, na najivunia kuitwa mchungaji wenu. Tuna sare zinazometa, tuna vyeo, tuna viti vya mbele vyenye majina yetu. Ni kazi nzuri ya mikono yetu. Lakini tumeitandaza wapi? Ni lini mara ya mwisho ulipiga magoti chumbani kwako, hakuna anayekuona, huna la kusema, unangoja tu upewe?

Kuna mtu nyumbani kwako anahema kwa joto, ndugu yangu. Mkeo, mzee wako, jirani yako. Anakuona unavyong'aa kanisani na hasemi, kwa sababu anakupenda. Anafungasha nguo polepole.

Sisemi tusijivunie. Fumeni, shoneni, pambeni. Ila panda kiti leo, kabla begi halijafungwa.

Kwaya, najua mmejiandaa na mko tayari kusimama. Ngojeni kidogo. Leo tukae kimya kwanza, tupokee.