Kinu cha Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Nani kakaa peke yake kule pembeni?

Hakuna, bibi!

Haya, sogeeni mbanane. Hadithi hii haina mtoto wa pembeni.

Hapo zamani palikuwa na kijiji kinaitwa Mtamani. Kila nyumba ilikuwa na kinu mlangoni. Alasiri wasichana walitwanga mtama wawili wawili, huyu anainua mchi, mwenzake anashusha, ti-twa, ti-twa, ti-twa.

Basi nyuma ya kilima lilikaa zimwi. Jicho moja, mkia mrefu, na tumbo, wacheni tu, tumbo kama ghala. Lakini halikula ovyo. Lilikula mtoto asiye na mtu.

Litamjuaje? Watu wa Mtamani wenyewe walilionyesha! Mtoto akipata ugonjwa usioisha, kinu cha kwao kilifudikizwa, kitako juu, mdomo chini. Maana yake: huyu hatuna haja naye, mchukue utuache sisi. Zimwi lilisimama penye kinu hicho likauliza mara tatu, "Mtoto huyu ni wa nani?" Watu kimya, milango imefungwa. Basi likammeza, likaenda zake. Nao walijiona wamepona, wajinga wale!

Kijijini hapo alikuwepo msichana jina lake Mashavu, mcheshi, hodari wa kutwanga, na ulimi haukawii. Alikuwa na kifafa. Mara nyingine alikuwa mzima kabisa, ghafla akaanguka, mwili ukamtetemeka, kisha ukatulia, akaamka amechoka na kuomba maji. Mama yake alijua la kufanya. Alimlaza ubavu, akamwekea kanga chini ya kichwa, hakumtia kitu mdomoni, akakaa naye mpaka akazinduka. Lakini yote hayo aliyafanya ndani, kwa kuogopa maneno ya watu.

Siku moja Mashavu alianguka nje, mbele ya watu, akitwanga na shoga yake Chausiku. Watu wakatimka mbio.

"Msimguse! Mate yake yanaambukiza!"

Uongo mtupu! Kifafa hakiambukizi. Lakini nani alisikiliza? Jumbe Mwinyimvua, mkuu wa kijiji, akaja na fimbo yake.

"Mtoto huyu ana mkosi. Fudikizeni kinu chake."

Kinu kikafudikizwa. Mama akalia, akarudi ndani akafunga mlango.

Mashavu alipopata nguvu akatoka, akakiinua, akakisimamisha. "Kinu ni changu, mchi ni wangu, na mimi ni wa hapa!"

Asubuhi wakakifudikiza tena. Akakisimamisha tena. "Kinu ni changu, mchi ni wangu, na mimi ni wa hapa!"

Mara ya tatu wanaume wakakifudikiza na kukikalia, watoto wangu, watu wazima na ndevu zao wanakalia kinu cha msichana! Jumbe akamwambia, "Wewe mtoto huna adabu. Unataka zimwi litule sote?"

"Babu Jumbe, mimi naumwa tu. Tangu lini kuumwa kukawa kosa?"

Jumbe akagonga fimbo chini.

Mara ardhi ikatikisika. Wale wanaume waliokalia kinu waliruka kama panzi, milango ikafungwa pa, pa, pa! Zimwi linashuka linaimba:

"Nanusa, nanusa, nanusa asiye na mtu!"

Mashavu aliogopa. Lakini hakukimbia. Akachukua mchi wake akapiga kitako cha kinu, ti! ti! ti! kijiji kizima kisikie.

Zimwi likasimama mbele yake. "Mtoto huyu ni wa nani?"

Kimya.

"Mama!" Mashavu akapaza sauti. "Mama, unaulizwa!"

"Mtoto huyu ni wa nani?"

Kimya.

"Chausiku, unaulizwa! Babu Jumbe, unaulizwa! Mnaulizwa nyote, jibuni!"

Basi hapo hapo kifafa kikamshika. Akaanguka, mchi ukamtoka mkononi. Zimwi likacheka, likainama na kufungua kinywa, likauliza mara ya tatu, "Mtoto huyu ni wa nani?"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mama mtu huyoo, kanga mkononi, hakulitazama hata zimwi! Akapiga magoti, akamlaza mwanawe ubavu, akamwekea kanga chini ya kichwa, akamfuta mate kwa kiganja chake mbele ya kijiji kizima.

"Wa kwangu! Nimemzaa mimi! Utaanza na mimi!"

Zimwi likashika tumbo, likatapika. Akatoka mtoto! Kijana kiwete, aliyemezwa mwaka wa njaa.

Chausiku naye akatoka mbio, akaja kukiinua kinu kwa mikono miwili. "Wa kwetu!"

Zimwi likatapika tena. Akatoka binti mwenye pumu, kifua kinamlia. Wengine wakafungua milango. "Wa kwetu! Wa kwetu! Wa kwetu!" Kila neno mtoto anatoka, na kila anapotoka mtoto zimwi linapungua. Likawa kama ng'ombe, likawa kama kuku, likawa kama punje ya mtama, likadondoka ndani ya kinu.

Wazazi wakawakimbilia watoto wao wakilia. Yule kijana kiwete akamtazama baba yake akamuuliza, "Mlikuwa wapi?"

Baba mtu akainamisha kichwa. Mpaka leo hajajibu.

Mashavu akazinduka, akaomba maji, akanywa. Akatazama kinu. "Nani kakisimamisha?"

"Mimi," akasema Chausiku.

"Ulichelewa."

"Nilichelewa. Nisamehe."

Jumbe akaja polepole, fimbo imeshuka. "Mjukuu wangu, sisi tulidhani..."

"Babu, shika mchi. Zimwi lenu limo humu. Mlilifuga wenyewe, litwangeni wenyewe."

Basi Jumbe Mwinyimvua, ambaye hajawahi kushika mchi tangu azaliwe, akatwanga mpaka kofia ikamdondoka. Ti-twa, ti-twa, ti-twa! Zimwi likawa unga, upepo ukaupeperusha. Na tangu siku hiyo kufudikiza kinu Mtamani ni mwiko.

Hadithi yangu inakomea hapo, na kinu kimesimama. Mtoto anayeumwa ni mtoto. Ana haki ya dawa, ana haki ya kucheza, ana haki ya kula sahani moja na wenzake, wala haombi hisani. Na mtu akiwauliza ni wa nani, msisubiri aulize mara ya tatu.