Cha Kurusha Hakipotei

Ndugu zangu, kaeni. Na nyinyi wa nyuma mnaojifanya mmesimama kubembeleza mtoto, kaeni pia. Mtoto alishalala tangu wimbo wa pili.

Leo ni Jumapili ya vijana. Mara moja kwa mwaka mnatutoa kabatini kama vikombe vya wageni, mnatufuta vumbi, mnatukabidhi kipaza sauti, na kesho tunarudishwa kabatini. Asanteni. Nafasi hii nitaitumia vizuri, maana mtu asiye na kazi hakosi muda wa kuandaa mahubiri.

Kulikuwa na baba mmoja, mpiga picha wa ukoo.

Simsemi fundi picha wa kulipwa. Nasema yule mwenye kamera ambaye kila ukoo unaye. Kipaimara yupo, msiba yupo, mahari ikipelekwa yupo, amechuchumaa mbele ya wazee anawaamrisha: "Sogeeni, sogeeni. Shemeji, ficha hiyo soda." Mnamjua. Wengine mmekaa naye benchi moja hapo, msigeuke.

Na ugonjwa wake mnaujua. Kupiga anapiga, kutoa hatoi.

"Shemeji, turushie picha basi."

"Nitawarushia."

Ndugu zangu, hiyo "nitawarushia" ina umri mkubwa kuliko baadhi ya ndoa zilizomo humu ndani.

Siku moja dada yake akambana. "Kaka, picha za ubatizo wa mwanangu ziko wapi? Mtoto sasa ana ndevu!"

Akamjibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mjinga. "Dada, cha kurusha hupotea. Mkishazirusha kwenye grupu zinapondeka, zinakuwa kama zimepigwa kupitia chandarua. Mimi nawatunzia original. Quality, dada. Quality!"

Basi picha zote akazilaza kwenye kompyuta mpakato. Na aliyelitunga hilo jina, mpakato, nadhani alimwona huyu baba, kwa sababu aliipakata kweli kweli, kama mjukuu wa kwanza. Akimaliza anaifunika kitambaa cha kufuma. Neno la siri hata mkewe hakulijua. Picha zikishaingia humo, anazifuta kwenye simu na kwenye kamera, zisije zikachafua nafasi.

Sasa, baba huyu alikuwa na binti aliyebeba jina la bibi yake, mama mzaa baba. Ndiyo maana baba alimwita binti yake "mama", kama tunavyofanya. Na huyo bibi ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa maandazi mpaka chuo kikuu. Siku binti alipohitimu, bibi alivua kilemba, akaichukua ile kofia bapa yenye kishada, akaivaa. Ikamkaa upande. Akacheka cheko la mtu aliyeshinda kesi, na meno yake machache yote yakatoka kushuhudia. Baba akapiga.

Kofia ile na sisi tuliivaa. Ya kukodi. Tukairudisha jioni ileile, na tangu siku hiyo hakuna aliyetuuliza tena kichwani kuna nini. Anyway. Tuendelee.

Bibi akasema, "Hebu nijione." Akajiona, akacheka upya. "Haya, mrushie kila mtu."

"Mama, hii nitakuhifadhia vizuri."

"Unihifadhi mimi ni samaki wa kukaushwa? Rusha! Watu wanicheke ningali hai."

Mama yako akisema hivyo mbele ya watu, utafanyaje? Akairusha kwenye grupu la ukoo huku ananung'unika. Hiyo moja tu. Katika maisha yake yote ya kupiga picha, alirusha moja, tena kwa amri.

Bibi akamgeukia mjukuu. "Na siku ya sendofu yako, tukikuaga kwenda kuolewa, nitakaa kiti cha mbele. Hata nikiwa nimekwenda, kiti changu mkiweke. Sitaki kuulizwa huko juu mbona sikuhudhuria."

Mvua za vuli zilizofuata, akaenda zake.

Miaka ikapita, binti akapata mchumba, sendofu ikapangwa. Kiti cha mbele kikatengwa. Juu yake ilitakiwa ikae picha moja tu, ile ya kofia. Binti mwenyewe hakuwa nayo, simu yake ya wakati ule iliibiwa stendi. Hakuhangaika. Hazina ya ukoo si iko nyumbani?

Akamuuliza baba yake, "Baba, zile picha umeziweka sehemu mbili? Hiyo mashine imezeeka."

"Mama, una wasiwasi na mimi?" Akafungua kabati la kioo, akainamisha kikombe kimoja cha wageni, kikatoka kiflashi. "Zote nimezinakili humu."

"Ulizifungua ukaangalia?"

"Niangalie nini? Majina yote yapo. Ubatizo, Harusi, Misiba, Mama. Halafu ina kasi hiyo! Picha za miaka yote, kufumba na kufumbua zimeshaingia."

Binti akakunja uso. Hiyo kasi haikumpendeza. Lakini baba hakaguliwi, ndivyo tulivyolelewa, akakirudisha kikombe kabatini.

Wiki ya sendofu, umeme ukakatika. Umeme wetu mnaujua, unaondoka bila kuaga na kurudi kama umetukanwa. Ulivyorudi, ile mashine ilikuwa imechomekwa, inachaji chini ya kitambaa chake. Harufu ikatoka kabla ya moshi. Fundi akaifungua, akaiangalia, akasema, "Mzee, imeungua mpaka diski. Humu picha hazitoki."

Baba akatabasamu. Ndugu zangu, akatabasamu! Akarudi nyumbani, akainamisha kikombe, akaazima kompyuta kwa jirani, akaichomeka flashi mbele ya mkewe na bintiye. Majina yakajipanga: Ubatizo, Harusi, Misiba, Mama. "Mnaona?" Akabonyeza pale palipoandikwa Mama.

Hakikufunguka kitu.

Akabonyeza Harusi. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa.

Binti akainama, akasogeza uso kwenye kioo. "Baba, hivi vimshale vidogo pembeni unaviona?"

"Naviona. Si urembo tu?"

"Siyo urembo, baba. Hii ni njia ya mkato. Ni kibao cha barabarani, kinasema nyumba iko kule. Wewe umebeba vibao, nyumba ukaiacha."

"Na nyumba iko wapi?"

"Nyumba ndiyo hiyo imeungua kwa fundi."

Nawauliza: huyu baba alikuwa mvivu? Alikuwa mzembe? Alificha, akafunika, akafunga. Alifanya kila kitu ambacho mtu mwangalifu hufanya, isipokuwa kufungua aone kama ndani kuna kitu. Na kutoa. Mnacheka eh? Subirini, tunakuja kwenu.

Baba aliketi pale akiwa ameshika kifuniko cha ile flashi, mdogo kama mtoto aliyevunja sahani. "Mama yangu," akasema. "Nimempoteza mara ya pili."

Binti akachukua simu. "Naandika kwenye grupu."

"Usiandike, mama! Watu niliowanyima miaka yote, leo niwaombe? Watasema nini?"

"Watasema watakachosema. Bibi apate kiti kwanza, baba. Aibu yako tutaitafutia benchi."

Akaandika: Jamani, mwenye picha ya bibi akiwa na ile kofia, naiomba.

Hata maji ya chai hayajachemka, simu ikaanza kulia. "Hii hapa, mama." "Hii hapa, shangazi." Moja ikatoka kwa mpiga tarumbeta aliyewahi kuoa kwenye ukoo akaachika na bado yumo kwenye grupu. Moja imeandikwa Hongera kwa maua mekundu juu ya paji la uso wa bibi. Moja imepondeka mpaka kishada kimekuwa kama nzi. Lakini cheko lipo. Kwenye kila simu, cheko lipo!

Kesho yake yule dada wa picha za ubatizo akaja mwenyewe, amebeba kitu kimefungwa kwenye kanga. Alikuwa ameisafisha ile picha studio, akaitia kwenye fremu, akaitundika jikoni kwake juu ya jiko ili mama yake amwone anavyopika. Akamkabidhi kaka yake kwa mikono miwili.

"Haya kaka. Ina mafuta ya maandazi. Quality yake sijui."

Jumamosi bibi alikaa kiti cha mbele, kama alivyoahidi. Kofia upande, doa la mafuta begani, anawacheka waliohudhuria na wao wanamcheka. Binti alipopita kumsalimia aliinama, akapiga goti. Ukumbi ukapiga vigelegele mpaka mshereheshaji akakosa la kusema, na hiyo mnajua haijawahi kutokea.

Na zile picha nyingine? Nisiwadanganye. Zimekwenda. Ubatizo wa yule mwenye ndevu, harusi, nyuso za wazee waliolala. Hazirudi.

Ila baba alichuchumaa palepale mbele ya kiti, "Sogeeni, sogeeni," akapiga. Kisha akasimama, akauliza kwa sauti, "Leteni simu. Nani sijamrushia?"

Dada yake akamshika paji la uso. "Kaka, una homa?"

"Dada," akasema, "nilichokishika kimeungua. Nilichokirusha ndicho kilichokaa kwenye kiti."

Sasa tuje kwetu.

Kwanza jambo la kawaida, maana Mungu hapungukiwi heshima tukisema mambo ya kawaida. Kama una picha za mama yako kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka, nakili leo. Nakili yenyewe, usinakili kimshale. Nakala moja ikae nyumba nyingine kabisa, kwa mtu unayemwamini. Halafu fungua uone. Fungua uone! Vyeti vyako pia, ndugu yangu mhitimu. Hata kama hakuna anayeviomba.

La pili linauma. Ni wangapi humu tumebeba vibao? "Bibi yangu alikuwa mwombaji sana." Sawa, hicho ni kibao. "Sisi ukoo wetu ni wa kanisa tangu wamisionari." Kibao. Majina yote yapo, Imani, Upendo, Ukarimu, yamejipanga vizuri. Siku umeme wa maisha ukirudi kwa hasira, ukabonyeza palipoandikwa Imani, patafunguka? Umewahi kujaribu, au umeona tu jina ukaridhika?

La tatu nalisema kwa heshima, na kama heshima itapungua njiani mtanisamehe. Wazee wetu, mnatuambia mnataka kijana mwenye uzoefu. Uzoefu mnao nyinyi! Mmeupakata, mmeufunika kitambaa, neno la siri mnalijua wenyewe. Tukiomba, "Tutawarushia." Lini? Tukiwa na ndevu? Tunazo! Turushieni. Hata upondeke kidogo. Sisi quality hatuna shida nayo.

Na sisi vijana tusipige makofi sana. Tumesoma hesabu, tumesoma kemia, tumesoma na Kiingereza cha kupinda mdomo, tukavifungia ndani tukisubiri barua ya kuitwa kazini. Ukuta wa pili mtoto wa jirani anafeli kugawanya. Tumemrushia nini? Hatuna tofauti na baba wa kamera. Tunangoja quality.

Mzee wa kanisa ananionyesha saa. Namaliza.

Najua sheria ya humu ni kuzima simu. Leo zitoeni, muziwashe. Ndiyo, hata wewe mama mchungaji. Tafuta picha moja ya mtu mwingine uliyomwahidi "nitakurushia" ukamdanganya. Umeipata? Mrushie sasa hivi, palepale alipokaa.

Msiniitikie amina kwa mdomo. Nataka kuisikia ikilia mikononi.