Mkuyu Wenye Mkazi

Paukwa! Mbona mnanong'ona? Paukwa! Haya, pakawa. Pakawa na mti, na mti ukawa na wenyewe.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walihamia pembeni mwa mji, kila mmoja na kiwanja chake. Wakafyeka, wakafyeka, mpaka jua likawachoma utosi. Ndipo wakatunga sheria: mti wenye mkazi haukatwi. Anayetaka kuukata asimame chini yake mbele ya mjumbe, abishe hodi mara tatu. Akiitikiwa, shoka linarudi nyumbani.

Sasa palikuwa na mkuyu, na ndani ya shimo la mkuyu alikuwamo Bi Hondo, ameatamia mayai yake mawili. Mnawajua ndege hondohondo? Mke akitaka kuatamia huingia shimoni akajiziba kwa udongo, ukabaki ufa tu wa kupitishiwa chakula na mumewe. Na bibi zake walimwusia: humo ndani husemi. Ukifungua mdomo useme neno moja, mayai yanakuwa viza.

Kiwanja kile akakipata Kiboko. Kivuli hakitaki, anataka bwawa la kuogea, palepale penye mti. Akavizia mume wa Bi Hondo ameenda kutafuta chakula, akaja na shoka begani, pamoja na mjumbe, Mzee Kobe.

"Hodi mtini. Kuna mtu?"

Kimya. Bi Hondo akayatazama mayai yake. Akiitikia, mayai yameharibika. Asipoitikia, mti utaanguka na mayai ndani.

"Hodi mtini. Kuna mtu?"

Kimya. Kiboko akacheka, akamwambia Mzee Kobe ahesabu vizuri, asije akasinzia kama kawaida yake. Kobe akasema yeye husinzia macho tu.

Bi Hondo akawaza: mdomo umefungwa, sawa, lakini bibi hawakutaja upande wa pili. Akageuka taratibu, akaelekeza mkia kwenye ufa.

Kiboko akainua kichwa, akapanua lile domo lake, mnalijua lilivyo. "Hodi mti..."

Pwaa! Yote ikaingia. Na jana yake Bi Hondo alikuwa amekula kuyu kwelikweli.

Kiboko akatema, akakohoa, akadai hakuna aliyeitikia, mti ni mtupu, sheria ni sheria. Mzee Kobe akajifuta tone lililomrukia gambani.

"Ndugu yangu Kiboko," akasema, "nimetembelea nyumba nyingi za mji huu. Sijaona nyumba tupu inayotumia choo. Rudisha shoka."

Basi Kiboko akaenda mtoni kusukutua, na mpaka leo yumo humo, kila akiibuka hupanua domo, hajaridhika kama limetakata. Bi Hondo akaangua makinda wawili, na siku aliyotoka alisema mpaka mumewe akaomba aingie shimoni yeye.

Nanyi wajukuu, kiwanja chaweza kuwa chako na mti ukawa wa wengi. Kabla hujainua shoka, uliza. Na ukiuliza, subiri jibu, hata likija kwa njia usiyoipenda.

Hadithi yangu nimeiepua. Ikiwa tamu, lambeni vidole. Ikiwa chungu, niachieni sufuria.